Sherehe ya Bibi, Spika za Wajukuu

Haya, sogeza benchi, leo wa kusemwa ni watu wa Lagos na owambe zao. Unajua owambe? Ile sherehe ya Wayoruba ambayo Jumamosi turubai linafunga mtaa, jenereta linanguruma, na kinamama wamefunga vilemba vya gele, ukikaa nyuma yao huoni kitu. Mama katimiza miaka 70, watoto wamechanga, sare ya aso ebi imeuzwa mpaka kwa majirani. Kadi imeandikwa saa 6 mchana. Mfyuu! Saa 6 ya nani?

Saa 6 hiyo wanaofika ni wazee na watoto. Mzee kaamka alfajiri, kavaa joho lake la agbada, vidonge vya sukari mfukoni. Mtoto kaletwa kwa kuwa hakuna wa kumwachia. Vijana wako wapi? Saluni. Wanajua fika kwamba utamu wao ni usiku, wazee wakishaondoka. Kwa hiyo msiniambie kuchelewa ni tabia yetu sote Waafrika, tucheke yaishe. Shughuli ikianza saa 9, kijana hajapoteza hata dakika. Aliyelipa ni bibi mwenye magoti mabovu, na yule mtoto aliyesinzia kwenye kiti cha plastiki, andazi la puff-puff mkononi.

Na kinachoniudhi ni kwamba Wanigeria wenyewe wanajua kupanga rika! Nenda kwa Waigbo uone njugu ya kola inavyotolewa: kwa kawaida kijana ndiye anayeizungusha, mkubwa wa umri ndiye anayeiombea. Kwenye harusi ya Kiyoruba, bwana harusi na rafiki zake wanalala kifudifudi mbele ya wakwe, agbada za thamani zote zinafagia sakafu, wazee wanacheka mpaka machozi. Halafu wapo wale washereheshaji, alaga, mmoja wa upande wa bwana harusi, mwingine wa bibi harusi, kila hatua lazima utoe hela. Tamu hiyo, sikatai. Lakini ikiingia saa ya pili mnabishania hela ya kufungua barua ya posa, aka! Mzee anatafuta choo.

Muziki nao. Mchana ni bendi ya juju, nyimbo za enzi za Ebenezer Obey na King Sunny Ade. Mpiga ngoma inayosema anamsogelea mzee mmoja, anamtajia sifa za ukoo wake kwa fimbo ile iliyopinda. Mzee anainuka polepole, bega moja, bega la pili, watoto wake wanamtunza noti moja moja kwenye paji la uso. Hicho ndicho alichokifuata! Sasa katikati ya raha hiyo DJ wa usiku anajaribu spika. Du! Du! Du! Na meza kuu, kwa heshima, wameiweka wapi? Mbele kabisa, ubavuni mwa spika. Nyoo! Heshima ya kumpasua mtu masikio.

Hizo noti zenyewe siku hizi ni kesi. Sheria ya Benki Kuu ya Nigeria ya 2007 inakataza kurusha na kukanyaga naira, na Aprili 2024 Bobrisky, yule maarufu wa mitandaoni, alipewa miezi 6 jela kwa kurusha. Sasa mwambie bibi wa miaka 70 asitunzwe kwenye sherehe yake mwenyewe, uone atakavyokutazama. Mpeni bahasha, lakini mpeni ngoma ikiwa inalia, siyo kesho yake sebuleni.

Chakula ndiyo usiseme. Wajukuu wakipata wali wa jollof wameridhika, hata ukipoa. Mzee anataka ugali wa amala na mchuzi wa ewedu, na amala ikipoa inaganda kama gundi. Kwa hiyo ianze kwake, ikitoka jikoni tu. Lakini wapi! Sahani zinatoka kwa kujuana. Mwenye shangazi jikoni kala mara mbili, babu wa meza kuu bado kashika kijiko.

Mnataka kuanza saa 9? Andikeni saa 9, bibi apumzike kwake, aje kashakula na dawa kameza. Na hiyo meza ya wazee isogezeni huko nyuma kwenye feni, mpiga picha atawafuata.