Bati Kujifanya Mninga: Njia 7, Kuanzia ya Aibu Hadi ya Ushindi

Una mlango wa gereji wa bati, umenyooka, mweupe, hauna la kusema. Unautaka uwe wa mbao, ila mfukoni kuna hela ya rangi, si hela ya mninga. Kamati ya mtu mmoja (mimi mwenyekiti, mimi mjumbe, mimi mpika chai) imekaa na kuzipanga njia za ujanja, kutoka ya mkiani hadi ya kileleni. Mwenye geti la chuma naye asome, hukumu zinamhusu. Kubisha ruksa.

7. MDF
Laini, bei ya huruma, na fundi wa makabati ana mabaki yake pale kwenye kona. Tatizo ni kwamba hii ni nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na inakunywa maji kuanzia ukingoni palipokatwa. Masika moja tu inavimba, na ikishavimba hairudi.
*Hukumu:* irudi kabatini. Mlangoni si mahali pa kuumua unga.

6. Mbao zilizopakwa oili chafu
Kwenye nguzo za uzio oili chafu ina heshima zake. Sasa kuna wanaoipaka hadi kwenye mbao za mlangoni ili zipate ule weusi wa kizee. Weusi utaupata, sawa. Lakini vanishi juu yake haishiki, harufu inakaa, na mgeni akiegemea anaondoka na ramani mgongoni.
*Hukumu:* rangi ya bure, dobi wa kulipia.

5. Bawaba bandia za sumaku
Wamarekani wanazipenda hizi. Unabandika bawaba nyeusi na vishikio, mlango wa gereji unafanana na wa banda la magari ya farasi. Bawaba zinadai mlango unafunguka kwa pembeni. Mlango wenyewe unapanda juu! Mafundi wa Zanzibar walipiga njumu za shaba kwenye mbao za kweli, sisi tunabandika chuma cha uongo kwenye bati ili lionekane mbao. Kabla hujanunua, jaribu sumaku ya friji: ikianguka, huenda mlango wako ni wa alumini, na mchezo umeishia hapo.
*Hukumu:* unapendeza sana, mradi usiufungue mbele za watu.

4. Stika ya mbao
Bandua, bandika, mlango umekuwa mninga kabla chai haijapoa. Kisha sogea karibu. Lile fundo la juu kushoto liko tena katikati, liko tena chini kulia, na kaufa kake kalekale. Mti gani unazaa mapacha? Na mlango ukitazama magharibi, jua la alasiri litaanza kukunja kingo.
*Hukumu:* safi kwa jirani wa mbali. Wa karibu mwalike usiku.

3. Mbao za paleti
Hapa ndipo ugomvi unapoanza, maana paleti ina wafuasi kama timu ya mpira. Tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, chukua. MB maana yake zilifukizwa methyl bromide, ambayo ni sumu, ziache hapohapo. Baada ya hapo ung'oe misumari, upige randa, ugundue kila ubao una unene wake, urudie randa.
*Hukumu:* mbao za bure kwa mtu ambaye muda wake nao ni wa bure.

2. Msonobari halisi, mwembamba
Mbao ni mbao, kamati inakiri. Ila piga hesabu: mlango wa mita 3 kwa 2, ukivikwa msonobari wa milimita 12, unaongezeka takriban kilo 36. Geti litaanza kuburuza chini. Mlango wa kupanda juu ni hatari zaidi, kwa sababu springi zake zimekazwa kulingana na uzito wa zamani, na springi hizo zinavunja mkono; kuzirekebisha ni kazi ya fundi wake. Wa kujiviringisha usijaribu kabisa. Kati ya ubao na ubao acha upenyo wa unene wa sarafu, maana mbao hutanuka zikinyonya unyevu.
*Hukumu:* mrembo wa kweli, na kila vanishi ikichakaa atakuita kwa jina.

1. Rangi na brashi
Ndiyo, rangi. Msasa, praima ya chuma (mabati yana ya kwao), kisha rangi ya msingi ya manjano iliyofifia. Ikikauka, gawa "mbao" kwa utepe. Paka kahawia iliyozimuliwa, ubao mmoja mmoja, na kabla haijakauka vuta brashi kavu toka mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Ukisita katikati, mistari itakusema. Panapohitaji fundo, bembeza kile kifaa cha mpira cha kuchorea mishipa ya mbao, na kila fundo litoke na sura yake. Malizia na vanishi ya nje. Uzito ulioongezeka ni wa rangi tu, springi hazina habari.
*Hukumu:* mchwa watakuja, wataonja, wataondoka wakilaumiana.

Shauri limefungwa. Mtetezi wa paleti anayetaka kukata rufaa aje, ila aje na randa yake.