Gari Lako Halivuti? Mwongozo wa Kutafuta Ugonjwa Usiokuwepo

Gari likianza kuzubaa pale Juja Road, unakanyaga mafuta nalo linapiga kelele bila kuongeza mwendo, usifungue bonneti. Ukiifungua umeita kongamano. Mwenye bodaboda atasema ni plagi. Muuza viazi karai, ambaye binamu yake aliwahi kumiliki Probox, atasema ni gia. Makanga anayepita atapaza sauti, "Uza hiyo!" Huyo ndiye pekee asiyetaka kitu cha chai.

Jikokote hadi kwa fundi. Kutoka Mlango Kubwa hadi Huruma na Kariobangi Light hukosi mmoja chini ya mti. Fundi aliyebobea humpima mteja kwanza: viatu, simu, tai. Tai huongeza bei ya koili. Kisha atawasha injini, ataikaribia kwa sikio kama daktari anayesikiliza kifua, atanyamaza, halafu atoe hukumu: "Mkubwa, hii ni sensa." Usiulize sensa gani. Ukiuliza zitakuwa mbili.

Toa pesa. Kijana atatumwa Grogan, ambako kwenye ramani huitwa Kirinyaga Road, na atarudi na sensa "orijino" ndani ya karatasi ya nailoni. Gari lisipobadilika, usikate tamaa. Kumbe ilikuwa pampu. Pampu ikishindwa, nozeli. Nozeli zikishindwa, mtakubaliana kwamba injini imechoka na kwamba kuna nyingine, eksi-Japani, imetembea kidogo tu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Umri wa injini inayokuja peke yake, bila gari, utaambiwa na muuzaji, na jibu lake huwa zuri sana.

Sasa makatazo, maana kuna mambo yanayoweza kuharibu biashara hii yote. Usimwombe fundi akuonyeshe eya klina. Ni boksi jeusi lenye vibanio viwili vitatu, mara nyingi hata bisibisi haihitajiki, na ndani yake kunaweza kuwa na vumbi lote la Outer Ring. Usitazame ekzosi pia, kwa sababu moshi husema bila kulipwa. Wa bluu: oili inaungua, tazama ringi za pistoni au sili za valvu. Mweusi: mafuta yamezidi hewa. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto: maji yanapenya silindani, mara nyingi kwa gasketi ya hedi. Mvuke wa asubuhi ya Julai ni baridi tu, ingawa wapo waliouziwa gasketi kwa ajili yake.

Gari la petroli likitetemeka, jihadhari zaidi na jaribio hili. Injini ikiwa inanguruma, chomoa soketi ya koili moja, sikiliza, irudishe, nenda kwa nyingine. Ile ambayo ukichomoa sauti haibadiliki, silinda yake ilikuwa imelala tayari. Zima injini, badilishana koili hiyo na ya jirani, uwashe tena. Ugonjwa ukihama, ni koili. Ukibaki palepale, ni plagi, nozeli au kompresheni. Kazi ya dakika chache, haigharimu senti, na ndiyo sababu hutaiona ikifanywa.

Ukipelekwa kwa mwenye mashine ya kusoma kodi, ikatokea P0171, utaambiwa ni sensa tena. Kodi hiyo yasema tu kwamba mafuta ni machache kuliko hewa: huenda mpira wa hewa umepasuka, huenda pampu imechoka. Mashine haisemi kinunuliwe nini. Hilo husemwa na mwenye mashine.

Au lawama ziende kwa mafuta. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili matapeli wakome kuyachanganya na dizeli. Aliyeusikia zaidi ushuru huo ni mama wa Mathare mwenye stovu, ambaye hana gari la kuharibika.

Vilevile, ukitoka Mombasa ukaona gari limepungua nguvu, usidhani limerogwa Voi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kiasi kama hicho. Hakuna spea ya kurekebisha hilo. Ukitafuta vizuri, utauziwa.

Basi nunua injini, ifungwe, uitie barabarani. Gari likiwa bado zito, simama kando, kisha sogeza kiganja karibu na ringi za magurudumu, moja baada ya jingine. Moja likiwa moto kupita mengine, breki ndiyo iliyokuwa imeshika siku zote. Injini yako ya zamani bado iko kwa fundi. Mwulize anaiuza ngapi.