Jinsi ya Kumpata Fundi Mwaminifu wa Gari Kuukuu, Butembo hadi Beni

Kwanza uwe na gari linalostahili mwongozo huu. Langu ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Lilizaliwa Japani, likapanda meli hadi Mombasa, likavuka Uganda, likaingia kwetu kwa Kasindi, bado lina karatasi ya Kijapani kwenye kioo ambayo hakuna mtu wa familia yangu aliyewahi kuisoma. Usukani uko kulia, katika Kongo, nchi ambayo tunaendesha kulia. Kwa hiyo kila ninapotaka kulipita lori, macho yangu ni ya abiria aliyeketi mbele kushoto. Yeye ndiye anayesema, "Papa, pita!" au, "Papa, ngoja kwanza!" Siku moja nilimbeba mama aliyesinzia kabla hata hatujafika Maboya. Nilikula vumbi la Fuso moja nusu ya safari kwa sababu ya kuogopa kumwamsha.

Sasa twende kwenye garaji. Lakini kabla ya hapo, jambo moja la aibu. Wafanyabiashara wa Butembo wameandikwa vitabuni. Janet MacGaffey aliwaandika Wanande wa hapa katika miaka ya 1980, na Timothy Raeymaekers akatoa kitabu kingine mwaka 2014, na humo msomaji anakutana na jambo tunalolijua tangu utoto: biashara yetu inasimama juu ya kuaminiana. Mtu wa hapa anamkabidhi mwenzake dola za watu kumi, mwenzake anapanda ndege kwenda Dubai au Guangzhou, karatasi hakuna, na mzigo unafika. Mtu huyohuyo akipeleka gari garaji kubadilisha bujie nne, anamwacha mtoto wake wa darasa la pili hapo alinde betri.

Hatua ya kwanza: usiulize fundi mzuri ni nani. Ukiuliza hivyo utapewa majina ya mashemeji. Uliza, "Nani alikuharibia gari?" Hapo watu watasimama, wataweka chini mizigo, watakueleza kwa ishara za mikono. Andika majina yote. Jioni utagundua umeandika mafundi wote wa mji, kuanzia wale wenye ukuta na lango hadi wale wa chini ya mwavokado. Usikate tamaa. Mchague yule aliyetajwa na watu wengi kwa hasira nyingi, kwa sababu hao wote walipokuwa wakikusimulia walikuwa njiani kumrudishia gari.

Hatua ya pili ni kumsikiliza fundi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nililipia somo lenyewe.

Corolla yangu ilianza kuchemka kwenye mpando wa kutoka Beni. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Beni iko chini yake kama mita 500 hivi, kwa hiyo gari zima linarudi nyumbani huku linapanda ngazi. Fundi wangu wa kwanza (jina lake lipo kwenye ile orodha) alifungua motere, akatoa kidude cha shaba chenye springi, kinene kama yai la kuku, akakiinua juu kama padri anayeinua hostia. "Papa, hii ni kitu ya Bazungu. Kule kwabo iko baridi. Huku kwetu motere inaomba hewa." Akakitupa kwenye majani. Hiyo ilikuwa termosta.

Aliyasema hayo akiwa amevaa koti na kofia ya sufu, saa moja asubuhi, Butembo, mji ambao usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 14 na ambao tunauza makoti mitumba mwaka mzima.

Termosta ni mlango. Maji ya motere yakiwa baridi, mlango unafungwa ili motere ipate joto haraka; yakifika nyuzi kama 82 unafunguka, maji yanakwenda kwenye radiateri kupoa. Ukiung'oa mlango, maji yanazunguka tangu mwanzo, motere inabaki baridi kama ukumbi wa kanisa, inakunywa esanse kama mjomba wa bwana harusi, na oili inaingia uchafu kabla ya wakati. Ndani ya miezi mitatu kadhafi wa pale kona, yule mwenye chupa na kidungu chake cha esanse, alianza kuniita rafiki. Na kwenye mpando gari bado lilichemka.

Fundi wa pili hakufungua motere. Aliminya mpira wa radiateri gari likiwa limepoa, akafungua kifuniko, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye duara la mpira chini yake. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Huku juu kwetu maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko cha radiateri ndicho kinachobana maji yasichemke mapema. Kikishindwa kubana, mpando wowote unatosha kukupikia chai. Kifuniko kipya kilikuwa na bei ndogo kuliko sahani ya fufu na samaki.

Kisha akainama, akachungulia. "Papa, termosta iko fasi gani?"

"Iko mu majani."

Hakucheka. Hapo nilijua nimempata mtu.

Hatua ya tatu niliiacha garaji siku ya Ijumaa. Wameniambia nirudi Jumatatu.

Hatua ya nne inahusu pyesi. Ukiuliza bei utajibiwa kwa swali: ya orijinali, ya Dubai, au ya okazyo? Ya orijinali iko ndani ya boksi. Ya Dubai iko ndani ya boksi linalofanana. Ya okazyo haina boksi, ina mafuta, ilitoka kwenye soko la Kisekka kule Kampala, na kwa kuwa ilikwishafanya kazi kwenye gari la mtu mwingine, ndiyo pekee kati ya hizo tatu ambayo ina ushahidi kuwa inafanya kazi. Mimi huchagua okazyo, lakini sichagui nikiwa nimefumba macho: nadai pyesi ya zamani nirudishiwe mkononi. Fundi anayesema ameitupa, mwambie akuonyeshe alipoitupa. Nina sanduku zima la rotile na plakete za freni zilizochakaa nyumbani, mke wangu anauliza tutazipika lini.

Malipo ni kwa dola, na dola lazima iwe safi. Noti yenye mpasuko mwembamba kama unywele haipiti Butembo wala Beni. Itainuliwa juani, itageuzwa, itarudishwa kwako kwa huruma. Mpira wa maji wenye mpasuko wa kuingiza kidole, huo unapita, unafungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli na kuombewa.

Kama gari lako ni Corolla ya wakati huo yenye motere ya 4A-FE, nakupa mtihani wa kumpima fundi bila yeye kujua. Mwambie mkanda wa distribusio ulikatika kwa rafiki yako akiwa mwendoni, sasa anahofia motere imekufa. Kwenye motere nyingine mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni na mazishi yanafuata. Kwenye 4A-FE hazigongani: unaweka mkanda mpya, unapanga alama, unawasha. Fundi atakayeuliza kwanza ni motere gani, mpe gari. Atakayetikisa kichwa na kusema, "Valvu zote zimepinda, hiyo ni dola mia tatu," bila kuuliza kitu, mshukuru kwa Kinande, *wasingya*, na uondoke ukiwa bado na magurudumu manne.

Freni sina utani nazo. Kushuka kwenda Beni, ukiwa na abiria sita kwenye gari la watu watano na gunia la maharage kwenye buti, freni zinapata joto hadi unasikia harufu. Fundi anayekutengenezea freni, mpakie. Akae mbele kushoto, mahali pa yule mama aliyesinzia, mteremke pamoja. Nimeona mafundi watatu wakikumbuka ghafla kwamba kuna boliti hawakuikaza.

Na usitengenezewe gari jioni kwa ajili ya safari ya usiku. Kutoka Beni kwenda Kasindi, na kutoka Beni kupitia Oicha hadi Komanda, magari yamechomwa na watu wameuawa barabarani. Kuna nyakati magari yalikwenda kwa msafara wa askari, na msafara haumsubiri mwenye kifuniko kibovu. Fundi anayekuambia, "Papa, lala, utakwenda kesho," huyo amekutengenezea zaidi ya gari.

Wapo wanaosema barabara ikipata lami mafundi watakufa njaa. Tarehe 16 Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walikutana mpakani, Kasindi na Mpondwe, kuzindua ujenzi wa barabara zetu: kilomita 80 za Kasindi hadi Beni, 54 za Beni hadi Butembo, na 89 za Bunagana hadi Goma. Nilimuuliza fundi wangu kama ana wasiwasi. Alisema hapana: kwenye matope watu wanavunja amotisere, kwenye lami watavunja gari lote.

Hatua ya mwisho ndiyo siri yenyewe, na nimeitoa kwa wale wafanyabiashara wa vitabuni. Usimlipe fundi pesa yote. Si kwa ukali, kwa upendo. Ukimlipa yote mapema, gari lako linakuwa historia na yeye anakuwa Kasindi. Ukibaki na deni lake, kila asubuhi anaamka akiliombea gari lako lisife, maana likifa wewe utahamia pikipiki na pesa yake itahamia nawe. Ndivyo wenzetu wanaokwenda Dubai wanavyoaminiana: kila mmoja ana kitu cha mwenzake mfukoni. Mimi niliacha deni la dola 20 kwa makusudi, na kwa mwaka mzima nilihudumiwa kama askofu.

Ulinifaa utaratibu huo hadi mwezi uliopita nilipoamua kuliuza gari. Mnunuzi alikuwa mtu wa Beni, tulielewana kwa simu, angekuja Jumamosi. Motere ilikuwa imeanza kugonga asubuhi, tak-tak-tak, mpaka ipate joto. Nikaenda kwa fundi wangu nikamwomba kwa sauti ya chini aweke oili nzito, ile ya malori, gari linyamaze walau hadi lipite Maboya.

Alipangusa mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Huyu mutu ya Beni, papa, fundi yake ni nani?"

Nikasema sijui.

"Ni miye. Aliniita jana, nimuangalilie gari."

Nilijaribu kucheka. Kisha nikamkumbusha, kama mtu anayetaja baraka, kwamba bado nina deni lake la dola 20, na kwamba sisi ni watu wa siku nyingi.

"Ndiyo, papa," alisema. "Yeye iko na deni yangu ya dola makumi ine."

Nilishusha bei kabla sijatoka pale garaji.