Supu ya Kutoa Unyevu

Guangzhou mwezi wa Machi hata kuta hutoa jasho. Vioo vinatiririka maji, na suruali uliyoianika Jumatatu unaivaa Alhamisi ingali mbichi. Mwenye nyumba wetu, bibi ambaye wapangaji wote tunamwita Ayi, aliniambia nitoe ulimi. Akauchungulia, akanishika mshipa wa mkono, akatikisa kichwa: unyevu umeniingia mwilini, ndiyo maana nasinzia darasani. Mhadhiri wangu alikuwa na maelezo mengine, tena makali.

Dawa ikawa supu ya mboga. Usidhani ni supu ya kwetu, ile ya makongoro na chapati mbili asubuhi. Hii haina hata mfupa: karoti, mahindi mabichi ya kukata vipande, kunazi nyekundu zilizokaushwa, nafaka nyeupe ziitwazo yimi, ambazo Ayi alizikaanga kavu kwanza ili kuzipunguzia ubaridi, kiazi kirefu kiitwacho huaishan, na maganda ya chenza. Maganda! Kwetu Muheza tunayatupa, kumbe ya Xinhui huhifadhiwa miaka 3 au zaidi ndipo yauzwe kwa jina la chenpi, na yakizidi kuzeeka bei inazidi kupanda. Nilifikiria utajiri wote niliouacha jalalani, ikabidi nikae kitako.

Kuhusu huaishan hakuna aliyenionya. Ute wake ukiwa mbichi huwasha ngozi, nami niliimenya mikono mitupu. Kufumba na kufumbua najikuna kama niliyepita kwenye upupu. Ayi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanitumbukiza mikono kwenye bakuli la siki. Mikono ikatulia. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshajikuna shingo, na shingo haikuenea bakulini.

Mwenzangu wa chumbani, mtu wa Bukoba asiyekitambua chakula kisicho na ndizi, akaona muda wa hoja umefika. "Mwambie Ayi," akaniagiza, "Profesa Tu Youyou alipewa Nobel mwaka 2015 kwa sababu alisoma kitabu cha kale cha Ge Hong, kinachosema mmea wa kutibu malaria uloanishwe majini na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akang'amua kuwa moto unaharibu dawa, na leo Afrika nzima tunameza mseto wa malaria. Sasa sisi hapa tunachemsha muda wa saa tatu, tunatafuta nini?"

Nikatafsiri. Ayi hakuinua hata macho. "Ile ni dawa ya malaria," akasema. "Hii ni supu."

Supu yenyewe hupikwa kwenye chungu cha udongo, moto mdogo. Ayi alipotoka kidogo, mtu wa Bukoba akaona maji yamepungua. Kwa nia njema kabisa akachota ya bombani, akamimina. Chungu kikalia ta! Ufa ukashuka kutoka ukingoni hadi chini, gesi ikazimika, na karoti zikaanza safari ya sakafuni. Ayi aliporudi alitazama lile dimbwi, akatoa utambuzi wake: unyevu sasa umehamia jikoni.

Kilichookolewa tulikinywa. Ni supu tamu kweli, utamu wa mahindi na kunazi, na kauchungu kadogo ka chenza nyuma yake. Darasani niliendelea kusinzia, ila kwa shibe.

Ukitaka kuipika, vaa glavu unapomenya huaishan, chumvi itie mwishoni, na maji ya kuongeza yawe ya moto. Mwenzako wa chumbani mtume sokoni, na umpe orodha ndefu.