Jinsi ya Kusoma Maoni Gazetini Bila Kuuziwa Mbuzi Kwenye Gunia

Mwongozo huu ni wako wewe unayesubiri basi pale Westwood Square, Malton, mtaa wa Mississauga nchini Kanada, gazeti mkononi na damu imeshaanza kuchemka. Tulia kwanza, ndugu yangu.

1. Jua unasoma nini. Tahariri haina jina kwa sababu ni msimamo wa gazeti lenyewe. Safu ni ya mwandishi wake. Makala ya mgeni yameandikwa na mtu wa nje: mwanasiasa, profesa, mwenye kampuni. Picha ya mwandishi aliyekunja mikono haithibitishi kitu.

2. Anzia chini, panapoeleza mwandishi ni nani. Anayesifia mradi huku akilipwa na wenye mradi ana haki ya kusema. Nawe una haki ya kujua anakula wapi.

3. Shika kalamu mbili. Tujaribu na kisa cha hapahapa Malton. Tarehe 20 Februari 1959, Waziri Mkuu wa Kanada John Diefenbaker alitangaza bungeni kwamba mradi wa ndege ya kivita Avro Arrow, iliyotengenezwa na kampuni ya Avro hapa Malton, umefutwa. Wafanyakazi wapatao 14,000 wa Avro wakaachishwa kazi, na baadaye ndege zikakatwakatwa zikawa vyuma chakavu. Hayo yanahakikika; pigia mstari wa bluu. Mwandishi akiandika kwamba Kanada siku hiyo ilijikata miguu, hayo ni maoni, tumia nyekundu. Akisema wahandisi wote wa Avro walihamia NASA, shirika la anga la Marekani, simamisha kalamu. Waliokwenda huko ni 30 na ushee. Neno “wote” ni chumvi iliyovaa kanzu ya ukweli.

4. Tafuta kilichoachwa. Anayeililia Arrow aeleze gharama zilizokuwa zikipanda, na setilaiti ya Kisovieti Sputnik, iliyorushwa tarehe 4 Oktoba 1957, siku ileile Arrow ilipozinduliwa, na kuwafanya wengi waamini kwamba zama za makombora zimefika. Anayemtetea Diefenbaker aeleze familia zilizobaki bila mshahara. Mwandishi wa kweli huitaja hoja nzito ya mpinzani wake, kisha huijibu.

5. Ukikuta “wananchi wamechoka” au “kila mtu anajua”, uliza: wananchi gani? Nani kawauliza?

6. Safu inayokufurahisha ndiyo uikague zaidi. Ile inayokuudhi utaikagua bila kuambiwa.

7. Andika barua kwa mhariri. Toronto Star lilikuwa gazeti la kwanza Kanada kuweka mpokea malalamiko ya wasomaji, mwaka 1972. Kosa la tarehe au takwimu, dai lisahihishwe. Maoni usiyoyapenda, yajibu kwa hoja. Gazeti la hapa kwetu, The Mississauga News, liliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwaka 2023, na sisi wa Malton tukinyamaza, wataandika juu yetu watu wanaoipita Malton wakiwahi ndege uwanjani. Weka jina lako, taja mtaa wako, na barua iwe fupi.