Shajara ya Moshi

Jumatatu
Nimepeleka gari kukaguliwa ili nipate stika ya usalama barabarani. Trafiki hakuwa na mashine yoyote. Alisimama nyuma, akaniambia nikanyage mafuta. Nikakanyaga, akatoweka. Moshi ulipopungua nilimwona anaandika. Stika sikupewa. Mama muuza mihogo alifunika karai lake, akauliza kama nimemaliza.

Jumanne
Mjumbe wetu hapa Pangani anasema ni petroli ya kuchakachua. Nimemweleza kwamba uchakachuaji ulishamiri wakati mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Vinasaba vikaanza kutiwa 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Akasema yeye anazungumzia gari langu, si bajeti.

Jumatano
Shemeji kaja na fundi wake. Fundi alisikiliza injini kafumba macho, kisha akaomba hela ya ea klina. Ile ya zamani ilikuwa na vumbi la barabara yetu la kutosha kupandia mchicha. Kweli, hewa ikibanwa sana petroli haiungui yote, na moshi huwa mweusi. Wangu ni wa bluu. Nikamwambia. Akajibu kwamba rangi inategemea jua.

Alhamisi
Ea klina mpya, moshi ule ule. Nimekwenda kwa mzee mmoja Picha ya Ndege. Aliuliza swali moja tu: oili naongeza lini? Kila nikijaza petroli, nikasema. Akaweka spana chini. Ama ringi za pistoni zimekwisha, ama sili za valvu. Oili inapenya na kuungua pamoja na petroli.

Halafu akaingia uvunguni, akauliza masega yako wapi.

Gari lilitoka Japani na masega yake, yale ya kusafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi. Ndani yana platinamu na paladiamu, na yakishapata moto wa nyuzi 300 hivi hugeuza kaboni monoksaidi, ile gesi inayoua watu kimyakimya, kuwa kaboni dayoksaidi. Mwaka jana fundi wa shemeji aliyatoa, eti yanalinyima gari pumzi. Yalikuwa yameziba kweli: yameziba kwa oili. Alisema anakwenda kuyatupa. Aliondoka kaukumbatia mfuko.

Ijumaa
Shemeji anasema fundi yule hamjui vizuri. Kwenye picha za harusi yake, fundi ndiye kashika keki.

Jumamosi
Nimetajiwa bei ya kufungua injini. Shemeji kapata njia ya mkato: bomba jipya linalong'aa, limechomelewa kutazama chini ili mkaguzi asione kitu. Mkaguzi haoni. Moshi sasa unapanda kupitia chini ya viti.

Jumapili
Mke wangu kaenda kanisani kwa bodaboda. Amesema hana hasira na mtu, ni mapafu tu. Nimeuza mbuzi, injini inafunguliwa kesho. Nawe unayejiandaa kwa ukaguzi, chomoa kwanza kijiti cha oili ukitazame kabla hujanunua bomba. Na fundi akitoa masega, ayaache kwenye buti.