Kidevu Changu Kina Kamati

Hapa Ulemo ukiwa na deni, watu hujifanya hawalijui. Ukiwa na vipele kidevuni, kila mtu ni daktari. Vyangu ni vile vya ndevu, vigumu, vimejipanga kuanzia chini ya taya hadi shingoni, na siku hizi siwezi kununua hata chumvi bila kupewa tiba ya nyongeza.

Mama wa duka ameniagiza limau. Jirani, ambaye uso wake mwenyewe haujampa kibali cha kushauri mtu, anasema magadi. Shemeji yangu amepanda bodaboda toka Misigiri kuniletea dawa ya meno. "Shemeji, ikikuchoma vumilia, ujue inafanya kazi." Hapo ndipo mnaponichosha. Dawa isiyouma hamuiamini! Kinyozi ndiye kinara wenu: anakuvuta ngozi, anakwangua kwa wembe kutoka chini kwenda juu, kisha anakumwagia spiriti. Ukiruka kitini anatabasamu, kazi imekubali.

Wakati chanzo chenyewe wala si fumbo. Nywele zetu za kipilipili hujikunja. Ukizinyoa hadi chini kabisa unaziachia ncha kali, na zikiota zinapinda na kurudi kuichoma ngozi ileile zilikotokea. Ngozi inaziona ni adui, inavimba. Kwa hiyo kadiri kinyozi anavyosifiwa kwa kung'arisha watu, ndivyo anavyovipanda vipele kwa mistari.

Na ngozi nyeusi ni kama karani wa mahakama: kila shambulio inaliandika, tena kwa wino mweusi. Kipele kitanywea ndani ya siku chache, doa lake litakaa miezi. Ukilisugua kwa sukari, umeongeza shitaka. Ukipaka limau ukatoka nalo kwenye jua letu hili la Singida, unaweza kuungua na kupata doa jipya pembeni ya lile la zamani. Magadi nayo yanaikausha ngozi ambayo upepo wa Julai umeshaikausha bure. Kuna wengine makovu yao hutuna na kuendelea kukua hata kidonda kikishafunga. Hao mtu akiwaambia watumbue vipele kwa sindano, wamfukuze. Ajabu ni kwamba mafuta ya alizeti, ambayo mkoa mzima tunayakamua na yanalainisha vizuri ngozi kavu, hayajapata mshauri hata mmoja. Nadhani kosa lake ni kwamba hayawashi.

Wa mwisho ni watu wa mkorogo. Hawa huja jioni, kikopo kisicho na maandishi, sauti ya chini. Wanajua wanachofanya, maana vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vilishapigwa marufuku nchini. Zebaki inaumiza figo. Steroidi inakulaghai kwanza: uso unalainika, watu wanakusifia kanisani, halafu ngozi inakuwa nyembamba na chunusi zinarudi na ukoo wao wote. Haidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kukuachia weusi wa kibluu usiotoka, yaani umelipa hela uwe mweupe ukapewa rangi ambayo hukuagiza. Vifundo vya vidole, kama kawaida, vinabaki kutoa ushahidi.

Nikaenda kwa tabibu wa ngozi, aliyesomea Moshi, kwenye kile kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC kilichoanza mwaka 1992 na kinachofundisha matabibu wa ngozi wa kuhudumia hata sisi wa wilayani. Nauli nimetoa, foleni nimekaa. Amenitazama kidevu, akasema: "Mzee, acha wembe mwezi mzima." Basi? Baada ya hapo nitumie mashine, niache nywele kama milimita moja, nifuate zinakolalia. Usiku nipake krimu ya adapalini, kiasi cha punje ya mbaazi kwa kidevu chote, tena mwanzoni siku moja nipake, siku moja niruke. Ikichoma sana, nipunguze. Matokeo nisiyatafute kabla ya miezi miwili au mitatu. Nikasubiri anichome hata sindano moja ya heshima. Wapi.

Akaniambia pia nijikinge na jua, maana jua hukoleza madoa. Yale mafuta ya kuzuia jua yanayotengenezwa KCMC ni ya wenzetu wenye ualbino, nao wanayahitaji kuliko mimi. Ya dukani nimeuliza bei, nikarudisha chupa kwa mikono miwili. Nimebaki na kofia pana, inayokinga vizuri sana paji la uso, mahali ambapo sina tatizo lolote.

Ningevumilia yote hayo kama isingekuwa harusi ya mpwa wangu huko Kiomboi. Mimi ndiye mshenga. Kamati imekaa, imejadili mapambo, ikajadili ubwabwa, ikafika kwenye kidevu changu, na mwenyekiti amenipigia: "Mjomba, tumeazimia unyoe, usafi kabisa, picha zitaharibika." Nimemjibu kwamba kama ni wembe, watafute mshenga mwingine. Akasema hilo kamati italipeleka kikao kijacho, ila mchango wangu wanauomba leo.